Paka wa Ndani Hataki Midoli, Anataka Mawindo

Kwa miezi kadhaa nilikuwa naamshwa saa tisa usiku, tena kwa meno. Kidoti, paka wangu asiyetoka nje, alikuwa akinivizia miguuni: kidole kikitikisika tu chini ya shuka, keshakirukia. Mchana kutwa amelala. Nikamnunulia mipira, panya wa kitambaa, na kidude kimoja chenye kengele ndani. Alivinusa, akavipa mgongo, akaenda kukaa ndani ya boksi vilivyokuja nalo.

Kosa lilikuwa langu. Panya wa kitambaa aliyelala tu sakafuni ni mzoga, na mzoga hauwindwi. Paka anasisimkwa na kitu kinachomkimbia, kinachojificha, kinachotaka kuponyoka. Kwa hiyo ilibidi mimi mwenyewe nijifunze kuwa panya.

Nilifunga unyoya kwenye kamba, kamba kwenye kijiti. Mwanzoni nilikuwa nampungia usoni, naye ananitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Ana haki. Panya gani anayejipeleka mdomoni mwa paka? Uburute unyoya ukimwacha paka nyuma, uuzamishe nyuma ya mguu wa kiti, usimame, utetemeke kidogo. Ukiona amejibana chini na makalio yameanza kuchezacheza, tulia. Anapiga hesabu ya kuruka. Na mwache aukamate mara kwa mara, kwani mawindo yasiyokamatika kamwe hukatisha tamaa. Ndiyo maana siipendi sana tochi ya leza: paka anakimbiza nuru ambayo haitashikika hata siku moja. Ukiitumia, usimmulike machoni, na umalizie kwa kuielekeza kwenye kitu anachoweza kukitia kucha.

Dakika kumi zinatosha, asubuhi na jioni. Paka kwa maumbile huchangamka zaidi alfajiri na magharibi, basi nenda na saa zake. Mchezo wa jioni ukiisha, mpe chakula papo hapo. Kunyemelea, kukimbiza, kukamata, kula, kujilamba, kulala: huo ndio mpangilio anaoujua, na mpangilio huo ndio ulioniokolea vidole vyangu. Haukufanya kazi usiku wa kwanza, lakini baada ya wiki mbili hivi nilianza kulala.

Paka mzee au mnene huenda akatazama tu. Usikate tamaa mapema. Macho yakiwa yamekodoka na masikio yameelekea mbele, ujue yumo mchezoni.

Jambo moja nalisema kwa ukali: kamba isiachwe sakafuni. Ulimi wa paka una vijimiba vinavyoelekea nyuma, hivyo uzi ukishaingia ni vigumu kuutema, na ukifika tumboni unaweza kukunja na hata kukata utumbo. Mimi nafungia kijiti kabatini kila tukimaliza. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na mikono yako isiwe mdoli hata akiwa mtoto, maana kucha zinakua.

Ukiwa kazini, chakula kikavu kinaweza kumchezesha. Tawanya punje chache kwenye trei tupu ya mayai azichokonoe kwa ukucha. Anza na njia rahisi, kwa sababu akishindwa atasusa. Midoli nayo isikae nje yote. Ninaficha mingi, kila wiki nabadilisha miwili mitatu, na kile alichokipuuza mwezi uliopita kinarudi kuwa kipya.

Kuhusu nyumba yenyewe, paka hapimi ukubwa wa chumba kwa sakafu peke yake. Mpe mahali pa kupanda: rafu iliyo imara, juu ya kabati, kiti kando ya dirisha lenye wavu uliokazwa. Nguzo ya kukwaruzia iwe ndefu kiasi cha kumwezesha kujinyoosha mwili mzima, na isiyumbe. Ikiyumba mara moja tu, atarudi kwenye sofa yako, nami nina sofa ya kuthibitisha hilo.

Siku hizi saa tisa usiku inanipita usingizini. Kidoti huniita alfajiri, nikitoka namkuta amekaa kimya mbele ya kabati, macho kwenye kitasa.