Usiishie kwenye FPS, pima muda wa kila fremu

Mtu akiniambia gemu yake inakwamakwama ilhali namba ya FPS (idadi ya fremu, yaani picha, kwa sekunde) pale pembeni inapendeza, simbishii. Namba ile huhesabu fremu zilizopita ndani ya sekunde, haijali kila moja imechukua muda gani. Piga hesabu: fremu 50 za milisekunde 16 ni milisekunde 800, kisha inafuata moja ya milisekunde 200. Sekunde imetimia, kaunta inasoma 51, na wewe umeshaona gemu ikiganda ukiwa katikati ya mapigano.

Mimi natumia CapFrameX, programu ya kupima muda wa fremu. Ni ya bure, kwa ndani inategemea PresentMon, kipimaji cha fremu cha Intel, na inakuchorea grafu papo hapo. PresentMon yenyewe ukiitumia bila madoido inakupa faili la CSV lenye mstari kwa kila fremu, raha kwa wapenda namba.

Rekodi kipande kilekile cha gemu, kwa njia ileile, walau mara tatu. Wengi hushauri utupe mzunguko wa kwanza kwa sababu sheda (programu ndogo za kuchora picha kwenye kadi ya michoro) bado zinatayarishwa. Ni sawa kama unalinganisha kadi mbili za michoro. Lakini kama malalamiko yako ni gemu kushtuka kila ukiingia eneo jipya, mzunguko huo ndio wenye ushahidi, usiufute! Vilevile V-Sync, ile inayolinganisha fremu na kasi ya skrini: izime unapolinganisha vifaa, iache kama ulivyozoea kucheza unapotafuta chanzo cha kukwama.

Sasa kwenye kusoma matokeo, hasa "1% low", kipimo kinachotazama asilimia 1 ya fremu zilizochelewa zaidi. Rekodi ya sekunde 60 kwa FPS 60 ina fremu 3,600, kwa hiyo asilimia 1 ni fremu 36. Kuna programu zinazopanga fremu kuanzia iliyochelewa zaidi, kisha zinakusomea ile ya 36 tu. Kama zilizoganda ni 20, hiyo ya 36 itatoka safi kabisa, na huku gemu inakwama kila baada ya sekunde 3 hivi! Programu nyingine huchukua wastani wa hizo 36 zote, na hapo ubovu unajitokeza. Kwa hiyo usilinganishe "1% low" yako na ya mwenzako kabla hamjajua kila mmoja kaipataje. Binafsi naanza na grafu: mstari uliotulia karibu na milisekunde 16.7 ni FPS 60 ya kweli. Ukiwa na miiba mirefu, wastani hauna la kuniambia.

Halafu kuna kuchelewa kwa kipanya, ambako watu hudhani ni jambo moja na huku kukwama. Grafu inaweza kunyooka kabisa na bado ukabofya, risasi ikatoka kwa kusuasua, kwani muda wa fremu hauhesabu safari nzima kutoka kidoleni hadi kwenye skrini. Kwa hilo NVIDIA wana LDAT, kifaa chenye kihisi kinachokaa juu ya skrini na kusubiri mwanga ubadilike baada ya kubofya.