Dogo wa drafti aende sasa hivi au asubiri? Jibu langu kwa baba mdogo

Shikamoo baba mdogo, na wengine wote humu grupuni habari za huko. Ile klipu ya juzi nimeiona, ya dogo wa miaka 18 anavalishwa jezi ya timu ya hoki ya barafu jukwaani huku mama yake analia, na chini yake baba mdogo kaandika "mtoto huyu anakwenda kulamba karibu dola milioni kwa mwaka, wewe mwaka wa tisa huu upo Canada unaendesha trekta la barafu". Nimecheka mpaka chai ikanipalia. Alafu likaja swali lenyewe, kwamba eti wapo wanaochaguliwa wa juu kabisa kwenye hiyo drafti, yaani siku timu zinapochagua vijana, na bado wanarudi zao chuoni kwanza, hao ni wazima kweli? Na dada hapohapo akadakia, basi na mwanangu aache kidato cha tano aende na yule wakala wa mpira, nafasi haiji mara mbili. Sijajibu siku mbili, sijanuna jamani, nilikuwa zamu za usiku. Leo najibu na ntaandika kirefu, mnivumilie.

Kwanza hilo trekta lina heshima yake. Linaitwa Zamboni, kila mapumziko naingia nalo uwanjani, chini lina wembe mpana unaokwangua barafu iliyochimbwachimbwa na viatu, nyuma linamwaga maji ya moto, ndiyo, ya moto, yanalainisha ile ya juu yanaziba mikwaruzo alafu yanaganda upya mpaka unajiona sura. Uwanja ni futi 200 kwa 85 na barafu yenyewe nyembamba kuliko mnavyodhani, inchi moja na kidogo hivi, asubuhi natoboa kwa drili hapa na pale napima. Kwangu ni uwanja wa mtaa tu hapa Edmonton, siyo ule wa Oilers, timu kubwa ya mji, ila miaka sita nipo humo na hao watoto wa 16, 17, 18 nawaona kila siku chunusi tupu usoni, mama anabeba begi, baba anapiga kelele jukwaani kuliko kocha. Kwa hiyo hapa baba mdogo siongei ya kusikia.

Na drafti siyo ile ya vizibo vya soda kijiweni. Timu za ligi kuu ya hoki, NHL, ziko 32, zinapokezana kuchagua vijana wanaofikisha miaka 18, na zilizofanya vibaya msimu uliopita ndo zinatangulia (kuna bahati nasibu pale juu lakini tuiache). Ukichaguliwa maana yake timu imekuwekea alama, hakuna timu nyingine ya kukugusa, basi. Hela inakuja ukisaini, na mkataba wa kwanza wa dogo wa umri huo ni miaka mitatu na mshahara wake una dari, unazungukia hiyohiyo dola milioni moja, hata uwe umeshuka kutoka mbinguni, bonasi ndo zinaweza kuongeza. Hela ya kumjengea mama ghorofa ipo mkataba wa pili. Sa swali la dogo wa drafti ni hilo, hii miaka mitatu ya kwanza anaitumiaje ili wa pili uje umenona, na akiivuruga je.

Hapa Edmonton swali hili wazee wanalijua vizuri maana Oilers walipata nafasi ya kuchagua wa kwanza mara tatu mfululizo, 2010 Taylor Hall, 2011 Ryan Nugent-Hopkins, 2012 Nail Yakupov, na wote watatu wakaingizwa timu kubwa wakiwa na 18 au 19. Timu ilikuwa mbovu hatari, misimu kumi mfululizo haijagusa mtoano. Mwaka niliofika mimi, 2017, ndo walikuwa wanarudi mtoanoni, usiku nasikia magari yanapiga honi barabara nzima nikajua ni harusi, kumbe ni hoki.

Hall alihangaika nao miaka sita, akauzwa New Jersey na huko ndo akachukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima 2018. Nugent-Hopkins yupo mpaka leo, msimu wa 2022-23 kafikisha pointi 104 (kila goli au pasi ya goli ni pointi moja), mji mzima unampenda. Yakupov sasa. Mrusi, msimu wa kwanza magoli 17 kwenye mechi 48, mngesema huyu hapa. Wa pili akaporomoka, na ndani ya misimu minne kapita mikononi mwa makocha wasiopungua wanne, huyu anasema kaba, yule anasema shambulia, wa tatu anamkalisha benchi. 2016 akauzwa St. Louis, akapita Colorado, 2018 huyo kwao Urusi na hakurudi tena kwenye ligi hii. Wengine wanasema hakuwa na akili ya mchezo, inawezekana, mi siyo kocha. Ila mzee mmoja niliyemkuta kazini, yupo viwanjani toka enzi za Gretzky, nguli wa Oilers wa miaka ya 80, aliniambia kitu nikiwa namsaidia kufunga nyavu: yule mtoto walimrusha kwenye nyumba inayoungua alafu wakamlaumu kwa kunuka moshi.

Mfano wangu mkubwa lakini ni Leon Draisaitl, na huyu nampenda kwa sababu na yeye mgeni kama mimi, kazaliwa Cologne, Ujerumani. 2014 kachaguliwa wa tatu, Oilers wakamuingiza moja kwa moja. Mechi 37, magoli mawili, pasi za magoli saba. Mawili, baba mdogo! Mitandaoni ilikuwa matusi tu. Januari 2015 wakamrudisha ligi ya vijana, mji unaitwa Kelowna, na mimi najaribu kuwaza alivyopanga begi siku ile, umetoka kucheza mbele ya watu elfu 16 na ushei unarudi kupanda basi na watoto wa shule. Huko kachukua ubingwa wa ligi yao, akaenda kwenye mashindano ya mwisho ya vijana wa Canada nzima, fainali timu yake ikafungwa ila mchezaji bora wa mashindano ni yeye. Alivyorudi Edmonton alikuwa mtu mwingine. 2020 mchezaji bora wa ligi, pointi 110 kwenye mechi 71, na 2024 kasaini miaka minane dola milioni 112. Andika mwenyewe kwa shilingi mi nimeshindwa sifuri.

Sasa mnaona, huyu na Yakupov wote waliingia wakiwa wadogo na wote wakafeli mahali fulani. Ila mmoja alipofeli kulikuwa na mahali pa kumrudisha na mtu akawa na ujasiri wa kusema rudi.

Na kurudi kwenyewe kuna sheria zake. Anayetoka ligi za vijana za Canada kwa miaka mingi alikuwa na milango miwili tu akiwa na 18 au 19, acheze timu kubwa au arudi kwa vijana, ile ligi ya kati ya wakubwa wanaojifunza kazi hairuhusiwi kwake, sasa hivi ndo wamekubaliana kulegeza kidogo kwa wa miaka 19. Ndo maana mtasikia habari ya mechi tisa. Timu inamuonja dogo mechi tisa, ikimpa ya kumi ule mwaka wa kwanza wa mkataba umeshaliwa, kwa hiyo ikifika ya tisa utaona kikao kizito kama cha mahari.

Wa chuo ni hadithi nyingine. Chuoni mechi ni chache, wikendi Ijumaa na Jumamosi, siku zingine jimu na darasa, wakati timu kubwa ni mechi themanini na kitu na ndege kila siku mbili, unagongana na baba mzima wa miaka 32 mwenye kilo mia ambaye na yeye ana mkopo wa nyumba. Cale Makar, mtoto wa Calgary hapo jirani, kachaguliwa wa nne 2017, kaenda kwanza chuo Massachusetts miaka miwili, Aprili 2019 kaingia Colorado katikati ya mtoano na mechi ya kwanza tu katia goli. 2022 kikombe, na beki bora wa ligi, na mchezaji bora wa mtoano, vyote mwaka mmoja. Owen Power naye, namba moja kabisa wa 2021, akasema narudi Michigan na wenzangu, watu wakamuona chizi kama mnavyosema nyie. 2023 Buffalo wakampa miaka saba milioni 58 na ushei. Na toka Agosti 2025 vyuo vya Marekani vinapokea hata waliocheza ligi za vijana za Canada, zamani ulikuwa ukicheza huko chuo kimefungwa, na siku hizi mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa. Kwa hiyo kusubiri siyo tena kulala njaa.

Msinielewe vibaya, wapo ambao kuwazuia ni dhambi. Macklin Celebrini 2024 kamaliza mwaka mmoja tu chuo, kaenda San Jose na 18, pointi 63 kwenye mechi 70. Matthew Schaefer namba moja wa 2025 kaingia New York Islanders moja kwa moja. Sidney Crosby 2005, miaka 18, pointi 102! Ila hata huyo Crosby mnajua alikuwa analala wapi? Kwa Mario Lemieux, nguli mwenyewe na mmiliki wa timu, nyumbani kwake, na mke na watoto, miaka kadhaa. Anatoka kupiga pointi mia anakuta chakula mezani na mtu wa kumuuliza mbona umechelewa.

Hicho ndo nakiona hapa mtaani kwangu. Jirani yangu anahifadhi dogo wa timu ya vijana, katoka kijijini Saskatchewan, ana 17. Utaratibu wa huku huo, mtoto akichukuliwa na timu ya mbali anapewa familia ya kukaa nayo. Anakula mayai sita asubuhi, nimeyahesabu kwa macho yangu. Jumapili anasafisha theluji mlangoni kwangu bila kuombwa kwa sababu mama mwenye nyumba kamwambia kila anayekula hapa anafanya kazi. Msimu jana kakaa benchi wiki nne, nikamkuta usiku kakaa kwenye ngazi za nje digrii 22 chini ya sifuri hana kofia, yule mama akatoka na blanketi, hakusema neno, akakaa naye. Mi nikajifanya natafuta funguo.

Nilijifanya natafuta funguo kwa sababu nilijikumbuka. Nyie mlipata picha yangu ya theluji ya 2017, ile ya koti jekundu, koti la kuazima lile. Nilikatisha chuo mwaka wa pili na miaka 21, mkanichangia, nikaja kusoma huku na ada ya mgeni ilikuwa karibu mara tatu ya mwenyeji, muhula wa pili nimeishiwa. Nikaingia kiwanda kimoja cha nyama usiku, kukata mfupa uleule saa nane mfululizo, vidole asubuhi havikunji hata kushika mswaki. Nilimuuliza msimamizi dawa akanionyesha mlango. Na sikuweza kurudi, siyo kwamba ndege hakuna, chuo huko jina langu kilishafuta na nyie mlishauza kile kiwanja kidogo, ningerudi na uso gani? Nikawa nawatumia dola hamsini na picha nimetabasamu. Miaka mitatu hivyo. Samahani mama kama unasoma hili, ndo ukweli.

Dada, mwanao sasa. Nimeangalia video zake, mguu wa kushoto anao, sibishi. Ila ana 17, na sheria ya FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya 18 kuhamishwa nchi kwa nchi ila kwa masharti machache mno ambayo yeye hayamhusu, kwa hiyo huyo wakala anayesema wataondoka mwezi ujao muulize anampeleka kama nani. Samatta mnayemtaja kila saa hakuruka toka Dar mpaka Uingereza, alitoka Simba akaenda Lubumbashi 2011, kakaa TP Mazembe mpaka kachukua ubingwa wa Afrika 2015, ndo Genk, ndo 2020 Aston Villa. Miaka yote ile mitano alikuwa sehemu wanaongea Kiswahili!

Simsemei mtoto asiende. Namuuliza huyo wakala maswali matatu tu, atalala kwa nani, akivunjika mguu nani analipa, na akirudi baada ya miezi sita shule yake itampokea au ndo basi. Hilo la tatu nenda kaongee na mkuu wa shule mwenyewe dada, upate kwa maandishi. Alafu nipigie picha huo mkataba, kurasa zote, siyo ya mbele tu yenye nembo, na wa Kifaransa au Kireno usiogope nitumie hivyohivyo, kazini kuna watu wa kila lugha.

Baba mdogo, trekta linaniita, huku saa kumi na moja alfajiri na watoto wa saa kumi na mbili wameshaanza kufunga viatu kwenye korido. Kesho ntakurushia video nikiwa juu yake.