Kaskazi si kaskazini: kwa mnaoanza sheria ya wakimbizi

Mama mmoja wa Kibajuni aliniambia, "Mwanangu, sisi tulitoka mwisho wa kaskazi." Mimi mtu wa Amu, yaani Lamu, nilimwelewa bila hata kufikiri: kaskazi ni majira ya upepo, na mwisho wake ni mwezi wa tatu, upepo unakaribia kugeuka, majahazi ya mwisho yanashuka kabla upepo wa kusi haujaanza. Nilikuwa mkalimani wake kwenye mahojiano ya kuomba hifadhi, na kwa haraka nikalipitisha neno kwa afisa vile vile lilivyo. Afisa alikuwa kijana wa bara, muungwana na mchapakazi, na kwake kaskazi na kaskazini ni mamoja. Akaandika kwamba mama ametoka mwisho wa kaskazini mwa Somalia. Visiwa vya Wabajuni viko kusini kabisa, kuanzia Kismayu kuteremka mpaka Ras Kamboni, mlangoni kwetu. Kwenye mahojiano ya pili akaulizwa mbona leo anasema Chula, kimoja cha visiwa hivyo, na faili inasema kaskazini. Mama akababaika, na aliyebabaika huonekana mwongo. Kosa lilikuwa langu. Nilitia sahihi ukurasa ule bila kuomba usomwe.

Naanza na kisa hicho kwa sababu wengi wenu mnakuja kwenye mafunzo na huruma nyingi na Kiswahili kizuri, mkidhani vitawatosha. Huruma itakutoa kitandani asubuhi. Faili haliandikwi kwa huruma.

Kabla hujajiandikisha kozi yoyote, soma Kifungu cha 1 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 kuhusu wakimbizi mpaka ukijue kama sura fupi za msahafu. Mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake, mwenye hofu yenye msingi ya kuteswa kwa ajili ya rangi, dini, uraia, kundi fulani la kijamii au msimamo wa kisiasa, na ambaye hawezi au kwa hofu hiyo hataki kutegemea ulinzi wa nchi yake. Kila neno hapo lina mzigo. "Nje ya nchi yake" peke yake linawatoa jirani zetu waliohama Mpeketoni mwaka 2014: walikimbia kweli, walilala nje kweli, lakini hawakuvuka mpaka. Hao ni wakimbizi wa ndani, na Kenya ina sheria yao ya mwaka 2012. Kiswahili chetu kinatutega hapa. Kila anayekimbia tunamwita mkimbizi, mpaka aliyekimbia deni. Kazini neno hilo lina mipaka, na mkalimani anayelirusha ovyo anaweza kumharibia mtu bila kujua.

Mkataba ule wa 1951 ulifungwa kwa matukio ya kabla ya tarehe 1 Januari 1951, na nchi iliweza kuubana kwa Ulaya peke yake. Itifaki ya 1967 ndiyo iliyofungua mlango kwa kuiondoa mipaka hiyo. Lakini ukiishia hapo utakwama, maana watu utakaowapokea pwani hii wengi hawatakwambia "nilitafutwa mimi kwa jina langu." Watakwambia mji uliwaka moto wakaondoka. Kwa hao shika Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, unaomhesabu pia aliyelazimika kuondoka kwa uvamizi wa nje, kukaliwa, kutawaliwa na wageni, au matukio yaliyovuruga vibaya utulivu wa umma, iwe sehemu moja ya nchi au nchi nzima. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021, iliyochukua nafasi ya ile ya 2006, imebeba maana zote mbili. Nimeona vijana waliofundishwa na wakufunzi wa Ulaya wakimbana mzee dakika arubaini wapate sababu moja kati ya zile tano, na mzee keshaeleza vita tangu mwanzo.

Kifungu cha 33 cha Mkataba wa 1951, cha kutomrudisha mtu kwenye hatari, mtafundishwa sana, sikirudii. Cha 31 ndicho kinachosahaulika: aliyetoka moja kwa moja kwenye hatari, akajitokeza kwa wakuu bila kukawia na akaeleza sababu, haadhibiwi kwa kuingia bila kibali. Nyote mnaijua njia ya Mokowe mpaka Malindi. Basi linasimama kizuizini, abiria mnashuka, mnapanga mstari na vipande, yaani vitambulisho, mkononi. Asiye na kipande anawekwa kando. Akifikishwa kortini, dakika tano za kwanza ndizo zitakazoamua kama atasomewa shitaka la kuwa nchini kinyume cha sheria au kama kuna mtu atakayesimama na kusema, "Mheshimiwa, huyu anaomba hifadhi." Jifunzeni kuisema sentensi hiyo vizuri. Na someni hukumu za kwetu pia. Mwezi wa Julai 2013 Mahakama Kuu ilibatilisha agizo la kuwahamisha wakimbizi wa mijini kwenda kambini, na Februari 2017 ikazuia kufungwa kwa kambi ya Dadaab. Zimeandikwa na majaji wa hapa, kwa Katiba ya 2010, ambayo Ibara yake ya 2(6) inaufanya mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria ya Kenya. Zinapatikana bure mtandaoni.

Upande wa uhamiaji kwa jumla ni mpana, na mimi si mpenzi wake sana, nakiri. Mwaka 2018 ulileta mikataba miwili ya kimataifa, mmoja wa wakimbizi na mwingine wa uhamiaji, na wote si sheria ya kumfunga mtu. Ni ahadi. Mtatumia wiki nzima kwenye malengo 23 ya ule wa uhamiaji. Mimi ningewaomba wiki hiyo muipeleke kwenye itifaki za Palermo za mwaka 2000, zinazotenganisha biashara ya binadamu na magendo ya kuvusha watu. Aliyelipa nahodha avushwe amefanya mapatano, hata kama ni haramu. Aliyeahidiwa kazi ya saluni akafungiwa jikoni, pasi ya kusafiria ikachukuliwa, huyo ameuzwa. Binti wa Malindi anayerudi kutoka Ghuba akiwa kimya, mama yake akisema "kachoka tu na safari," anaweza kuwa mtu wa sheria yetu ya 2010 ya kupambana na biashara ya binadamu, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sasa lugha, maana hapa ndipo watu wa Amu, Pate, Faza na Kiunga mna kitu ambacho hakifundishwi darasani. Mpaka wa leo ni mchanga kuliko koo zetu. Kismayu ilikuwa chini ya utawala mmoja na sisi mpaka 1925, Waingereza walipowapa Waitalia Jubaland. Kwa hiyo Mbajuni wa Chula na Mbajuni wa Faza wana mashangazi pande zote mbili na wanazungumza karibu sawa. Wabajuni wengi waliokimbia baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari 1991 walifika mbali, wengine Uingereza, na huko wakaambiwa: mnasema Kiswahili, basi nyinyi ni Wakenya. Sauti zao zilizorekodiwa zilipelekwa kwa wachambuzi wa lugha, wabaini kwa usemi wao wametoka wapi. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi za watu wawili waliosema wametoka Somalia, ilionya kwamba mchambuzi wa namna hiyo asivuke utaalamu wake akaanza kuamua nani mkweli. Itafuteni hukumu hiyo. Halafu jiulize wewe unayetafsiri: nikimnyooshea mtu Kibajuni chake kikawa Kiswahili cha shule, si nimemfutia ushahidi? Akisema neno la kwao, liandike lilivyo, kisha weka maelezo pembeni.

Tarehe nazo. Mtu hatakwambia tarehe 14 Februari. Atakwambia kabla ya Maulidi, baada ya Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, mwaka wa Elnino, mwaka wa tsunami. Usikasirike na usikisie. Chora mstari kwenye karatasi, weka yale mnayoyajua wote wawili, tsunami Desemba 2004, Elnino 1997 kuingia 1998, kisha muulize: mtoto huyu alikuwa anatambaa au anatembea? Ulikuwa umeolewa? Mimi hupata mwaka kwa njia hii mara nyingi kuliko kwa kuuliza mwaka.

Kuna jambo moja la mji mdogo. Amu ukikohoa Mkomani, Langoni watakuambia pole. Usimhoji jamaa yako, wala usimtafsirie. Na jamaa kwetu ni mpana: mke wa mjomba, somo wa dada, uliyenyonya naye. Mtu hataki kusimulia kubakwa mbele ya kijana atakayemkuta kesho sokoni. Sema mapema kwa mkubwa wako kwamba faili hilo lipewe mwingine. Utaonekana mvivu siku mbili, basi. Na kahawa ya jioni barazani usiichanganye na kazi, hata kwa mafumbo. Sisi ndio mabingwa wa mafumbo, na wenzako barazani watakifumbua kisa kabla kikombe hakijapoa.

Kuhusu kozi zenyewe: Taasisi ya Sanremo kule Italia imekuwa ikifundisha fani hii miaka mingi, na ziko nyingi za mtandaoni. Cheti kizuri, sikatai, ila usikope kwa ajili yake. Maktaba ya mtandaoni ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, iitwayo Refworld, ni bure, na kitabu cha mwongozo cha shirika hilo cha 1979 bado kinasomwa kila mahali. Soma hasa palipoelezwa kumwamini mwombaji pale ushahidi unapopungua baada ya yeye kujitahidi kweli. Na mfuate habari. Somalia ilikamilisha kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2024, na sheria yetu ya 2021 inamruhusu mkimbizi kutoka nchi ya Jumuiya kuiacha hadhi yake kwa hiari ili apate haki za mwanajumuiya. Mtu atakuja kukuuliza afanye nini. Usimjibu papo hapo. Kuiacha hadhi ni jambo zito, na anayeiacha lazima aelewe anachokiacha.

Yule mama, tulirudi naye mezani baada ya kuandika barua ya masahihisho. Safari hii nilimwomba afisa asome sentensi moja moja, mimi niitafsiri, mama asikie yeye mwenyewe. Ilichukua asubuhi nzima. Akatusimamisha mara mbili. Ya kwanza kwenye kaskazi, kama nilivyotarajia. Ya pili kwenye jina la nahodha wa chombo, nililokuwa nimelipindua miezi yote hiyo bila mtu kujua. Akanitamkia pole pole, herufi kwa herufi, kama anavyofundishwa mtoto wa chuo cha Kurani, mpaka nikaliandika sawa.