Jikoni na Wasomaji: Mchuzi wa Kuku na Karanga wa Afrika Magharibi

SWALI: Salaam kwako, mpishi wetu. Mwezi uliopita jirani yetu, mama mmoja wa Kighana anayeishi hapa Entebbe, alitukaribisha chakula cha mchana. Alitupakulia mchuzi wa kuku na karanga wa rangi ya matofali, uliokuwa na mafuta yakielea juu na harufu ya karanga za kukaanga iliyotupokea tangu mlangoni. Nilipojaribu kuupika kwangu, nilichemsha kuku, nikatia unga wa karanga ninaoununua sokoni kila wiki, kisha nikaongeza nyanya na pilipili. Ulitoka mzito kama uji, ukashika chini ya sufuria, na mume wangu akasema kwamba hizi ni binyebwa, mchuzi wetu wa karanga wa Uganda, zilizopotea njia. Nimekosea wapi? Naona haya kumwuliza jirani mwenyewe, kwa sababu nilijigamba mbele yake kwamba karanga kwetu ni chakula cha kila siku.
Nalongo, Entebbe

JIBU: Nalongo, mume wako amesema kweli, ingawa angeweza kungoja amalize kula kwanza. Ulichopika ni binyebwa, tena kwa kanuni zake zote, isipokuwa umezitilia kuku na pilipili. Unga ule wa waridi tunaoununua sokoni husagwa kutokana na karanga mbichi pamoja na maganda yake membamba, na ndiyo maana mchuzi wetu huwa na rangi ile na ladha ya upole inayopatana na matoke. Mchuzi aliokupikia jirani yako, ambao Waakan wa Ghana huuita nkatenkwan, yaani supu ya karanga, huanza na karanga zilizokaangwa hadi kuiva, kisha zikasagwa mpaka zikatoa mafuta yake na kuwa rojo laini. Wabambara wa Mali nao wana mchuzi wa jamii hiyohiyo, tigadegena, na Senegali huitwa maafe. Hapa kwetu walio karibu zaidi na upishi huo ni ndugu zetu wa Acholi na Lango, ambao rojo lao liitwalo odii hutokana na karanga au simsim zilizokaangwa kabla ya kusagwa. Kwa hiyo ukipata sokoni odii ya karanga tupu, nusu ya kazi yako imekwisha.

Usipoipata, chukua gramu 300 za karanga zilizomenywa, uzikaange katika sufuria kavu juu ya sigiri yenye moto mdogo, ukizikoroga bila kuziacha, kwa muda wa dakika 15 hadi 20. Usitazame ganda la nje, kwa maana hilo huwahi kubadilika rangi. Ipasue punje moja uone ndani, na ikiwa imekuwa ya rangi ya hudhurungi nyepesi, epua mara moja, kwa kuwa karanga huendelea kuiva katika joto la sufuria na dakika 2 za uzembe zinatosha kuzitia uchungu. Zikipoa, zifikiche kwa viganja, pepeta maganda kwa ungo, kisha uzitwange au uzipeleke mashineni. Mwanzoni utapata unga mkavu, na wengi hukomea hapo. Endelea hadi unga ushikamane, ung'ae na kulainika kabisa.

Kuku wa kilo 1.5 akishakatwa vipande, mtie katika sufuria na kitunguu kimoja kilichokatwa, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, punje 3 za kitunguu saumu na chumvi, umfunike aive katika maji yake mwenyewe kwa dakika 10, kisha ongeza lita 1.5 za maji. Wakati huo, katika sufuria nyingine, kaanga kitunguu cha pili, tia vijiko 2 vikubwa vya nyanya ya kopo na uvikaange mpaka wekundu wake uanze kuwa mweusi kidogo, halafu nyanya 4 zilizosagwa. Hii ndiyo rangi ya matofali uliyoiona.

Sasa tufike pale ulipokwama. Rojo la karanga halitupwi katika mchuzi unaochemka, kwa sababu huvimba na kufanya mabonge, na mabonge hayo huzama na kuungua. Chota vikombe 2 vya supu ya kuku, limumunyishe rojo ndani ya bakuli kidogo kidogo hadi liwe jepesi kama maziwa mazito, ndipo ulimimine katika sufuria ya kuku pamoja na nyanya. Tia pilipili mbuzi moja nzima bila kuipasua, punguza mkaa, na uache mchuzi utokote polepole kwa dakika 40, ukipitisha mwiko chini ya sufuria kila baada ya muda mfupi. Ukizidi kuwa mzito, ongeza maji ya moto. Mafuta mekundu yakipanda juu na kukusanyika kandokando, mchuzi umeiva. Kabla ya hapo karanga hazijaiva, hata kama kuku ameshaanza kuachana na mifupa. Wako wanaoyaengua mafuta hayo kwa kudhani kwamba mchuzi umeharibika. Mimi huyaacha.

Kuku wa kienyeji mchemshe peke yake kwa saa nzima au zaidi kabla ya kumkutanisha na karanga. Wa kisasa hana haja ya hilo. Senegali na Mali huula mchuzi huu kwa wali, nao Waghana kwa fufu au kwa mabonge ya wali yaitwayo omotuo. Kwa posho, yaani ugali, unakubalika sana. Kwa matoke, sioni ukizishinda binyebwa.

SWALI: Karanga nilizonunua zina punje kadhaa zilizosinyaa na nyingine zina ukungu wa kijani. Je, zikikaangwa vizuri zinafaa?
Msomaji, Arua

JIBU: Hazifai. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, ambayo haimalizwi na moto wa kukaangia wala wa kuchemshia, na inapolika kwa muda mrefu hudhuru ini. Zitupe zote zenye ukungu, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, wala usiwape kuku. Sababu hiyohiyo ndiyo inayonifanya nipendelee kununua karanga nzima na kuzichagua mwenyewe, kwa kuwa zikishakuwa unga hakuna anayejua kilichosagwa ndani yake.

SWALI: Naweza kutumia siagi ya karanga ya dukani?
Msomaji, Jinja

JIBU: Ndiyo, gramu 250 zinatosha kuku mmoja, mradi maandishi ya kopo yasitaje sukari. Onja chumvi mwishoni, kwa sababu makopo mengi yameshatiwa.