Miviringo mitatu juu ya Ol Doinyo Lengai: ni mlima au ni mvuke?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Nasoma jiolojia, mwaka wa tatu. Nimepakua picha mbili za rada za setilaiti ya Sentinel-1 zenye Ol Doinyo Lengai, volkano ya kaskazini mwa Tanzania, moja ya Septemba na nyingine ya Aprili iliyofuata, nikazilinganisha kwenye programu ya SNAP kwa kufuata video. Imetoka miviringo mitatu ya rangi kuuzunguka mlima. Kila mviringo ni sentimita 2.8, kwa hiyo kilele kimeinuka sentimita 8 na ushei. Nitumie mpangilio gani wa kukunjua awamu ya wimbi, yaani kuiunganisha miviringo iwe kipimo kimoja cha mwendo, ili ramani itoke safi? Nataka kuipeleka kwa mkuu wa wilaya, maana kuna watu wanaishi pale chini.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Habari ya kukunjua awamu tuiache kwanza, na safari ya kwa mkuu wa wilaya iahirishe. Haupiti mwezi sijaletewa mlima “ulioinuka” namna hii, na karibu kila mara kilichobadilika ni hewa.

Rada haiipimi ardhi moja kwa moja. Inapima jinsi wimbi lilivyosafiri kwenda na kurudi, na njiani kuna mvuke wa maji. Mvuke hulichelewesha wimbi. Programu haina namna ya kujua kama limechelewa kwa kuwa ardhi imeshuka au kwa kuwa siku hiyo kulikuwa na unyevu. Yote mawili inayapaka rangi zilezile. Tangu miaka ya tisini inajulikana kwamba tofauti ya asilimia 20 ya unyevu inaweza kuzaa kosa la sentimita 10 hivi. Wewe una 8.

Sasa utazame mlima wenyewe. Kilele kiko mita 2,962 na tambarare ya Natron iko kama mita 600. Wimbi linalogonga kilele halipiti zile mita elfu mbili na zaidi za hewa ya chini, na mvuke mwingi hukaa huko chini. Septemba ni kiangazi, Aprili ni masika. Ya Aprili ilipochelewa zaidi kule bondeni kuliko kileleni, bonde likaonekana limesogea mbali na setilaiti. Na kwa kuwa naona sehemu yako ya rejea, yaani unapopahesabu kuwa sifuri, umeiweka bondeni, kilele kikapanda bila kupanda. Weka kontua, yaani mistari ya mwinuko sawa, juu ya picha yako. Miviringo ikizifuata kontua kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya mlima, anza kushuku hewa.

Usiishie kushuku. Tafuta picha ya tatu, tuseme ya Agosti baada ya hiyo Aprili. Tengeneza jozi ya Aprili na Agosti, kisha Septemba na Agosti. Jozi ya kwanza ikionyesha mlima umeshuka sentimita 8, na ya pili isionyeshe kitu, basi kosa lote limebebwa na Aprili. Lengai haupumui kama kifua cha mtu aliyelala. Hata hapo usitosheke na tatu: setilaiti moja ya Sentinel-1 hurudia njia yake kila siku 12, picha ni za bure, chukua ishirini au thelathini.

Ukitaka kujua mwendo wa kweli unafananaje, tafuta picha za Julai 2007 za eneo hilohilo. Magma ilijipenyeza chini ya ardhi karibu na mlima jirani wa Gelai, tarehe 17 likapita tetemeko la 5.9, na Septemba Lengai ukalipuka. Miviringo ya tukio lile haikulijali umbo la mlima. Ilikata kontua na kubana pembeni mwa ukanda wa ardhi uliodidimia, na nyufa zilionekana kwa macho.

Hili la hewa halimo kwenye video yako, najua. Wanaouza mafunzo ya “InSAR kwa siku tatu, cheti mkononi” (InSAR ndiko huku kupima mwendo wa ardhi kwa kulinganisha picha za rada) huishia pale rangi zinapotokea, kwa sababu rangi ndizo zinazouza. Bofya hapa, bofya pale, ramani hiyo. Koherensi, yaani picha mbili zinavyokubaliana pikseli kwa pikseli, wanaitaja kwa pumzi moja na kuipita.

Nimeona matokeo yake. Wanakijiji fulani waliniletea ripoti waliyolipia, ina wekundu mkubwa katikati: “ardhi inadidimia”. Watu wawili walikuwa wameshauza viwanja kwa bei ya kutupa. Nikaenda kuangalia. Pale palipo pekundu ni migomba mitupu, koherensi 0.15 tu, wakati kamili ni 1. Majani yakitikisika, awamu huvurugika, na ukiilazimisha programu kukunjua vurugu itakukunjulia, tena kwa desimali mbili. Ardhi yenyewe hakuna aliyeipima. Hao waandishi wa ripoti simu zao hazipatikani.

Na mambo haya hustawi zaidi watu wanapokuwa na hofu. Machi 2018, ufa ulipofunguka Mai Mahiu kule Kenya baada ya mvua kubwa na kuikata barabara ya Narok, dunia nzima ilitangaziwa kwamba Afrika inapasuka vipande viwili. Bonde la Ufa linapanuka kweli, kwa milimita chache kwa mwaka. Wanajiolojia wengi waliona pale maji yamesomba udongo laini wa majivu ya volkano. Mtu mwenye picha mbili na kompyuta angeweza siku ile kumthibitishia yeyote chochote.

Kwa hiyo nitumie jozi tatu zile, ramani ya koherensi bila kuichuja, na picha za njia ya kupanda (setilaiti ikielekea kaskazini) na ya kushuka (ikielekea kusini) kama zote zipo, maana upande mmoja hauwezi kukwambia kama ardhi imeinuka au imesogea kando. Pakua pia makadirio ya mvuke ya GACOS, huduma ya mtandaoni ya kusahihisha kosa la hewa, kwa tarehe hizo. Hayaponyi kila kosa, ila ukiyatoa na miviringo mitatu ikabaki mmoja, jibu la sehemu kubwa utakuwa nalo. Kukunja na kukunjua tutazungumza nikishaona kilichobaki.