Pua nyeusi haitoshi kumtambua sungura wako

Ndugu, nimeelewa kwamba sungura wako wa wiki sita ni mweupe, ana macho mekundu, na pua na masikio yake yameanza kuwa meusi, nawe unauliza kama ni wa aina iitwayo California. Inawezekana, lakini hata sungura wa aina ya Himalaya huzaliwa mweupe, kisha weusi hujitokeza kwenye pua, masikio, miguu na mkia, yaani sehemu zilizo baridi zaidi mwilini, na hukolea majira ya baridi. Uzito ndio shahidi bora: akikomaa, California hukaribia kilo 4, ilhali Himalaya huishia takriban kilo 2. Machotara nao ni wengi, kwa hiyo muulize muuzaji akuonyeshe wazazi. Ukiona magamba masikioni, hiyo si rangi. Huenda ni ukurutu, mpeleke kwa daktari wa mifugo.