Ukichangia Opera, Changia na Uzi

Wiki mbili zilizopita dada mmoja muuguzi, Mtanzania mwenzangu hapa Marekani, alinipigia simu usiku baada ya kutoka zamu. Mwanawe wa miaka tisa amechaguliwa kuimba kwenye kwaya ya watoto katika La bohème, opera ya Mwitaliano Puccini, yaani igizo linaloimbwa mwanzo mpaka mwisho, ile sehemu ya pili ambapo watoto wanamzonga muuza vitu vya kuchezea. Pamoja na ratiba ya mazoezi, ameletewa bahasha ya kuombwa mchango. "Dada, watu wana jumba lile na taa zile za vioo, mimi wananitakia nini?" Tuliongea mpaka saa sita usiku. Nimeona niyaandike tuliyozungumza, maana si yeye wa kwanza kuniuliza.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi nilijifunzia Tanga, barazani kwa shangazi, kwa kushona sare za shule na madera. Sasa ni mwaka wa kumi na moja nashona mavazi ya jukwaani kwenye kampuni ya opera, katika mji wa wastani, si New York. Kwa hiyo ujue mapema kwamba michango hiyo ndiyo inayonilipa mshahara. Sikai ofisi ya wachangishaji. Ila pesa za wafadhili hunifikia zikiwa zimeshageuka kitambaa, na zikikosekana, meza yangu huwa ya kwanza kubaki tupu.

Nianze na swali lake, kwa sababu ni swali la haki. Kwa nini jumba lenye tiketi za bei vile liombe? La bohème iliimbwa mara ya kwanza Turin mwaka 1896. Tangu siku hiyo kiwanda cha viatu kimepata mashine, benki imepata kompyuta, na mtu mmoja leo anafanya kazi ya watu ishirini wa zamani. Lakini wimbo wa dakika nne bado ni wa dakika nne, na wapiga fidla waliohitajika wakati ule wanahitajika leo, wakiwa na mishahara ya leo. Wanauchumi William Baumol na William Bowen walilieleza jambo hili tangu mwaka 1966. Ukijumlisha okestra, kwaya, waimbaji wakuu, wanaobeba mapambo, wanaowasha taa na sisi wa sindano, hata ukiuza kila kiti pesa haitoshi. Metropolitan Opera ya New York ina viti karibu 3,800 na bado haiwezi kuishi kwa tiketi. Ujerumani serikali inabeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Marekani serikali inatoa kidogo sana, kwa hiyo mzigo unabebwa na watu binafsi, na ndiyo maana ya ile bahasha.

Sasa tuingie karakana yangu.

Tuna gauni la Musetta, mmoja wa wanawake katika La bohème, jekundu, limeshonwa kabla sijaajiriwa. Ukiligeuza ndani utaona kila ubavu umeachiwa inchi mbili za akiba, ili akija mwimbaji mnene kuliko wa jana tufumue mshono na kuuachia. Mgongoni kuna safu tatu za ndoano. Shingoni kuna vitambaa vidogo vyeupe vyenye majina ya waimbaji waliolivaa, kimoja chini ya kingine, saba kwa hesabu yangu. Kila anayekuja nampima kifua mara mbili: akiwa ametulia, kisha akiwa amejaza pumzi, kwa sababu mbavu za mwimbaji wa opera hufunguka kama mwavuli na gauni likimbana sauti haitoki. Baina ya onyesho na onyesho hatuwezi kulifua, hariri itaharibika, basi kwapani tunalinyunyizia pombe kali isiyo na rangi ili kuua harufu ya jasho.

Gauni hilo lina mfadhili. Jina lake liliandikwa kwenye kijitabu cha onyesho mwaka liliposhonwa, na ni haki yake, kitambaa kile si cha bei rahisi. Lakini tangu mwaka ule, nani amelipia ndoano mpya? Nani amelipia ile pombe, na siku mbili ninazokaa nalo kila anapokuja Musetta mwingine? Hakuna anayejitokeza kudhamini uzi. Kila mtu anataka gauni.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoushikilia kuliko yote, ni huu: kwenye karatasi ya mchango kuna mahali pa kuchagua pesa yako iende wapi. Chagua pale palipoandikwa "popote panapohitajika zaidi", au acha wazi. Pesa iliyofungwa kwenye onyesho moja haiwezi kulipa umeme wa mwezi wa mapumziko. Nimeshuhudia msimu ambao kampuni ilikuwa na pesa ya kununua mandhari mapya ya jukwaa huku ikikopa kulipa mishahara, kwa sababu kila dola iliyokuwepo ilishaandikiwa kazi yake na aliyeitoa.

Sipingi wanaolipia onyesho zima. Sybil Harrington, mjane wa mtu wa mafuta kutoka Amarillo, Texas, aliipa Metropolitan mamilioni mengi ya dola kabla hajafariki mwaka 1998, na ukumbi wenyewe umepewa jina lake. La bohème aliyoiandaa mwongozaji Franco Zeffirelli pale mwaka 1981 ni zawadi ya mama huyo, na bado inaimbwa, zaidi ya miaka arobaini baadaye. Fikiria ni vizazi vingapi vya mafundi vimekula kwa zawadi ile moja. Lakini fikiria pia nani amekuwa akizirekebisha nguo zile miaka yote hiyo, na kwa pesa ya nani. Mama Harrington alitoa gauni, wengine wasiojulikana wakaendelea kutoa uzi.

La pili ni ahadi, na hapa sisi tunajua mambo kuliko wengi. Aliyewahi kukaa kamati ya harusi analijua lile daftari lenye safu tatu: jina, ahadi, alicholipa. Anajua jinsi mtu anavyosimama kikaoni akaahidi milioni, wakapiga makofi, na siku ya kulipia ukumbi simu yake haipokelewi. Opera inaendeshwa kwa daftari lilelile. Waimbaji husainiwa mikataba miaka miwili au mitatu mbele, kitambaa huagizwa mwaka mmoja mbele, na vyote hivyo vinasimama juu ya ahadi.

Ulimwengu wa opera ulipata funzo kubwa kwa Alberto Vilar, mwekezaji wa New York aliyeahidi mamilioni kwa majumba ya Marekani na Ulaya. Jina lake likapandishwa ukutani Metropolitan, na London likawekwa kwenye ukumbi wa vioo wa Royal Opera House. Biashara ya hisa za teknolojia ilipoporomoka, ahadi nyingi hazikulipwa. Metropolitan ililiondoa jina lake mwaka 2003. Mwaka 2005 alikamatwa, na 2008 mahakama ikamkuta na hatia ya kuwalaghai wateja wake. Majina hufutika ukutani kwa siku moja, lakini mashimo ya bajeti huchukua miaka kuzibwa.

Nami yamenikuta, kwa kiwango cha mji wetu. Mwaka wangu wa nne mfadhili mmoja aliahidi kulipia onyesho jipya lote. Sufu ikaja, marobota mazito ya kijivu na ya bluu, tukakata makoti ya wanakwaya thelathini na mawili. Awamu ya kwanza ya pesa ilitakiwa Novemba, haikuja. Januari tukaambiwa onyesho limeahirishwa, na mafundi wa msimu, nikiwemo, tukarudishwa nyumbani mpaka tutakapoitwa. Kabla ya kuondoka tulivifunga vile vipande kwa ukanda wa kitambaa, kila fungu likaandikwa kwa chaki jina la atakayevaa. Mafungu hayo yapo juu ya kabati hadi leo. Kila nikipanda ngazi kutafuta bitana nayaona yale majina.

Kwa hiyo nakuomba: ahidi kile ulicho nacho, si kile unachotarajia. Dola 60 zilizolipwa Septemba zina kazi kubwa kuliko 600 za maneno. Na ukikwama, maana kukwama ni kwa binadamu, wapigie mapema uwaambie. Kampuni ikijua miezi sita kabla, inapunguza mapambo, inaazima mavazi kwa kampuni nyingine, inafanya mipango. Ikijua wiki mbili kabla, inafukuza watu.

Kuna jambo la akiba ambalo wachangiaji wadogo hawaliulizi, na naona ni kosa. Sisi watu wa pwani tuna neno wakfu. Mzee anaweka minazi yake wakfu kwa msikiti: nazi zinauzwa, taa inawaka, mnazi haukatwi. Makampuni ya opera yana mfuko wa namna hiyohiyo. Mtaji unakaa, kila mwaka inachukuliwa sehemu ndogo, kwa kawaida asilimia nne au tano. Hatari inaanza pale bodi inapoanza kukata minazi. New York City Opera, iliyoanzishwa 1943 ili watu wa kawaida nao wapate opera kwa bei wanayoimudu, iliula mfuko wake mpaka ukabaki kidogo sana. Mwaka 2013 ikasema inahitaji dola milioni 7 kuokoka. Sehemu ya pesa hizo, milioni 1, ikaombwa kwa umma kupitia Kickstarter, mtandao wa kuchangishana pesa. Zikapatikana kama laki tatu, na kwa kanuni ya mtandao ule, usipofikia lengo hupati hata senti. Oktoba mwaka huo ikaomba kinga ya kufilisika. Baadaye jina lilifufuliwa, lakini ile ya awali ilikuwa imekwisha.

San Diego mambo yalikwenda tofauti. Machi 2014 bodi ya San Diego Opera ilipiga kura kufunga kampuni. Watu wa mji wakakataa, wafanyakazi wakakataa, na michango ya umma ikapita dola milioni 2. Mwezi Mei uamuzi ukafutwa, na kampuni ingali inaimba. Nafurahi kila nikiikumbuka. Lakini nadhani ni vibaya kungoja tangazo la msiba ndipo tutoe. Kampuni za opera zisizo za faida Marekani zinatakiwa kuwasilisha serikalini kila mwaka Fomu 990, yaani taarifa ya hesabu zao, na yeyote anaweza kuisoma bure mtandaoni. Angalia mapato, matumizi, na kama mfuko unapungua mwaka hadi mwaka. Ukiona unapungua, waulize. Una haki hata kama ulitoa dola 20.

Ya kodi nitayapitia haraka. Mchango wa dola 250 au zaidi lazima uwe na barua ya kukiri kupokea, itunze. Ukilipia chakula cha jioni cha kuchangisha dola 500 na chakula chenyewe kina thamani ya 150, mchango wako kwenye hesabu ya kodi ni 350. Kuanzia mwaka wa kodi 2026, hata yule asiyeorodhesha makato yake mojamoja anaweza kuondoa kwenye mapato yake yanayotozwa kodi michango ya fedha (si ya vitu) hadi dola 1,000, au 2,000 kwa wanandoa wanaojaza fomu pamoja. Muulize pia mwajiri wako kama ana utaratibu wa kuongezea juu ya unachotoa. Hospitali na mashirika makubwa mengine wanao, na wengi wetu tumefanya kazi humo miaka bila kuuliza.

Na usijidharau kwa udogo wa pesa. Opera Philadelphia mwaka 2024 waliamua tiketi yoyote ianzie dola 11, mtu achague mwenyewe alipe ngapi, na wafadhili wabebe kilichobaki. Watu walimiminika siku ileile. Kwa hiyo mchango wako wa kila mwezi unaweza kuwa ndio uliomweka mtu mwingine kitini. Na pesa ya kila mwezi, hata ikiwa kidogo, mweka hazina anaipenda kuliko kubwa ya mara moja, kwa sababu anaweza kuipangia.

Nilipokuwa msichana, kwenye taarab, ukiguswa na ubeti unanyanyuka, unakwenda polepole mpaka mbele na kumtunza mwimbaji, noti mkononi mwake, ukumbi mzima unaona. Hapa hakuna kunyanyuka. Ninajua watu wetu wengi linawasumbua hilo, unatoa na huoni uso. Basi waombe waje wakuonyeshe. Omba kuingia mazoezi ya mwisho, yale yenye mavazi. Omba kuiona karakana. Makampuni mengi hufurahi, na sisi mafundi hufurahi zaidi, maana kwa kawaida hakuna anayetutembelea.

Yule dada muuguzi aliamua dola 15 kwa mwezi, na akaandika kwa mkono wake kwamba zitumike panapohitajika. Jumanne alimleta kijana karakana apimwe. Alisimama juu ya kiti, mikono pembeni, akaniuliza kama koti lile kuna aliyelivaa kabla yake. Nikamgeuzia kola, akayasoma majina manne kwa sauti. La kwake nitalishona chini ya hayo. Suruali nimemwachia pindo la inchi tatu, maana onyesho ni Novemba, na watoto wa umri ule hurefuka.